Nafuu ya wiki mbili: steroidi na kifua kikuu kikali cha mapafu
(Mhadhara uliotolewa Dodoma mjini mbele ya wenye maduka ya dawa, wahudumu wa afya ngazi ya jamii na wananchi)

Mbukwenyi! Ahsanteni sana kwa kuitika, na poleni na vumbi la barabarani.

Naomba nianze na kijana mmoja. Aliletwa wodini akitokea upande wa Bahi, kaka zake wamemkumbatia huku na huku ndani ya bajaji, midomo imegeuka rangi, anahema kama mtu aliyefukuzwa na nyuki. Ana miaka 26. Kaka yake mkubwa akatoa mfukoni bahasha ndogo ya kaki yenye vidonge vyeupe, akaniambia, "Daktari, hivi vilimsaidia kweli, ila sasa vimegoma." Vilikuwa prednisoloni, dawa ya jamii ya steroidi. Kijana alikuwa amekohoa miezi miwili. Duka moja likampa vidonge vile bila kumuuliza habari ya makohozi. Siku ya tatu homa ikakata, hamu ya kula ikarudi, akashika jembe. Wiki ya tatu akatema damu.

Nisingependa mtu yeyote hapa awaone ndugu wale kuwa ni wajinga. Nafuu waliyoiona ilikuwepo kweli. Mimi nimekuja kuwaeleza ilitoka wapi, na kwa nini mgonjwa wa mapafu anaweza kuipata na bado akawa anaelekea kaburini.

Ninyi mnaolima mtama mtanielewa haraka kuliko wanafunzi wangu. Kwelea kwelea wakishuka shambani, watoto huingia na makopo na kombeo kuwawinga. Watoto watano wenye utaratibu wanaokoa mavuno. Lakini wakiingia watoto mia kwa kishindo, mtama utakaokanyagwa unaweza kuzidi ule ulioliwa na ndege. Pafu lenye kifua kikuu liko hivyo. Sehemu kubwa ya uharibifu, yale mashimo tunayoyaona kwenye picha ya eksirei, huletwa na askari wa mwili wenyewe wakipigana na bakteria. Homa, jasho la usiku, kukonda, kukosa hamu ya chakula, vingi vya hivyo ni kelele za vita hiyo.

Steroidi kazi yake ni kuwaambia watoto wale wakae chini. Kelele inakoma, mgonjwa anapumua vizuri, anakula. Sasa jiulizeni: ndege wameondoka? Hawajaondoka. Kama mgonjwa hajaanza dawa za kuua bakteria, umewaachia shamba zima. Na bakteria hawa wana ujanja ambao virusi wengi hawana: hukaa miezi na hata miaka ndani ya askari walewale waliotumwa kuwala.

Nasema hivi kwa sababu tangu mwaka 2020 naulizwa sana kuhusu deksamethasoni, steroidi nyingine. Ni kweli, jaribio kubwa la Uingereza lilionyesha kuwa miligramu 6 kwa siku zilipunguza vifo kwa karibu theluthi moja kwa wagonjwa wa Uviko waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia. Habari ile ilikuwa njema. Lakini watu wakaichukua kana kwamba pafu lolote linalosumbua dawa yake ni deksa.

Basi swali la haki ni hili: mgonjwa wa kifua kikuu kikali akishaanza dawa zake nne, tukimwongezea steroidi, atapona zaidi? Wazo hili ni la zamani, limejaribiwa tangu miaka ya 1950. Mwaka 2014 watafiti walikusanya majaribio 18 yenye wagonjwa zaidi ya 3,800 wa kifua kikuu cha mapafu. Waliopewa steroidi waliongezeka uzito na walionekana kupata ahueni mapema ndani ya mwezi wa kwanza. Vifo havikupungua. Tena mengi ya majaribio hayo ni ya kabla ya rifampisini, moja ya dawa kuu za kifua kikuu za leo, kwa hiyo hata ile ahueni siwezi kuiegemea kwa uzito wangu wote.

Majirani zetu wa Uganda walitoa jibu lililonifundisha sana, mwaka 2005. Watu wazima karibu 190 wenye VVU na kifua kikuu cha mapafu. Baadhi walipewa prednisoloni miligramu 2.75 kwa kila kilo ya uzito. Kwa mtu wa kilo 50 hivyo ni zaidi ya vidonge 27 vya miligramu 5, kila siku. Baada ya mwezi mmoja, makohozi yalikuwa yamesafika, hayana bakteria tena, kwa asilimia 62 ya waliopewa, dhidi ya asilimia 37 ya wengine. Inavutia, sivyo? Lakini sukari ilipanda, shinikizo la damu likapanda, maji yakajaa mwilini, na virusi vya VVU vikaongezeka kwa muda. Mimi kwa gharama hiyo simpi mgonjwa wangu.

Kuna kitu kingine ambacho wengi hawakijui. Rifampisini hulifanya ini livunje prednisoloni haraka, kiasi kwamba kinachobaki kwenye damu kinaweza kupungua kwa nusu au zaidi. Kwa hiyo hata pale steroidi inapohitajika, dozi si ya kukisia kaunta.

Na inahitajika wapi? Hapa nawaomba sana mnisikilize, msije mkatoka mkisema daktari amekataza steroidi. Kifua kikuu kikiingia kwenye utando wa ubongo, steroidi ni sehemu ya matibabu. Vietnam, mwaka 2004, wagonjwa 545: waliopewa deksamethasoni walifariki asilimia 31.8, wasiopewa asilimia 41.3. Hao ni watu karibu kumi katika kila mia walionusurika kifo. Kwa wenye VVU, jaribio la 2023 halikuthibitisha faida hiyo, na hilo linaniuma kwa sababu wagonjwa hao ndio wanaokufa zaidi. Zipo pia sababu nyingine za hospitalini, kama mgonjwa aliyeanza ARV na kinga yake ikaamka kwa ghadhabu. Zote hizo huamuliwa wodini, dawa za kifua kikuu zikiwa zimeshaanza kufanya kazi.

Mama wa kitenge cha kijani ameniuliza: mume wake anameza prednisoloni ya pumu kwa miezi minne, aache leo? Hapana, mama. Asiache ghafla. Tezi zake zinazotengeneza steroidi ya mwili zimezoea kupumzika, akikatisha anaweza kuanguka. Aje kliniki na pakiti mkononi. Na kwa kuwa miligramu 15 au zaidi kwa siku, kwa mwezi na kuendelea, huweza kuamsha kifua kikuu kilicholala, akikohoa wiki mbili tumpime makohozi.

Kaka mwenye duka naye amesema jambo la kweli: "Nikimnyima, ataenda duka la pili." Najua. Ndiyo maana sikuombi umnyime ukaishia hapo. Prednisoloni ni dawa ya cheti, hilo unalijua, lakini mtu anayekohoa usiku kucha haponi kwa kuambiwa sheria. Muulize amekohoa kwa muda gani, ana jasho la usiku, amekonda. Mwambie kipimo ni bure, dawa za miezi sita ni bure. Kisha mpigie mhudumu wa afya wa mtaa wako akiwa bado amesimama mbele yako.

Wahudumu wako humu ndani, nawaona. Tukimaliza maswali, naomba kila mwenye duka amtafute wa mtaa wake hapo nje chini ya mkuyu, mbadilishane namba kabla hamjapanda daladala.