Mgongo wazi: kutetea uhai hadi kwenye mpira wa mkojo

REHEMA: Karibuni, wasikilizaji. Mama ana mimba ya wiki 22, amelala kitandani kwenye chumba cha utrasaundi. Mpimaji amenyamaza muda mrefu, kisha anatamka: mgongo wazi, yaani uti wa mgongo wa mtoto haukufunga alipokuwa akiumbika. Kaka Joakim, hapo mtetezi wa uhai anasema nini?

JOAKIM: Akisema "usitoe mimba" halafu akaenda zake, dada Rehema, amemwacha mama na hofu ileile aliyomkuta nayo. Mama ana maswali yake: ataishi? Atatembea? Nitamleaje? Kila moja lina jibu, na ana haki ya kulipata.

REHEMA: Tuanze na kutembea.

JOAKIM: Inategemea pingili iliyoathirika. Uwazi ukiwa chini kabisa, karibu na makalio, watoto wengi hutembea, wengine kwa viatu maalumu. Ukiwa kiunoni, kuna vyuma vya miguu na magongo. Ukipanda hadi usawa wa kifua, ni kiti mwendo. Misuli yenyewe hupimwa vizuri akishazaliwa. Kwa hiyo anayemwambia mama "huyu hatakuwa mtu" anasema jambo ambalo mashine ile haipimi.

REHEMA: Na fikra hiyo imeshaua. Mwaka 1971 kule Sheffield, Uingereza, Dakta John Lorber alichapisha vigezo vya kuchagua watoto gani wa mgongo wazi watibiwe na gani waachwe. Katika mji huohuo alikuwapo Robert Zachary, daktari wa upasuaji wa watoto, mwenyewe mwenye kibiongo. Alipinga. Alishikilia kwamba hawa ni watoto wa kutunzwa, na lengo la tiba si kuwaharakisha kufa. Kwangu mimi Zachary ndiye mwalimu wa jambo hili, kwa sababu utetezi wake ulikuwa na kisu cha upasuaji mkononi.

JOAKIM: Kweli kabisa. Sasa amezaliwa. Mgongo unatakiwa kufungwa ndani ya saa 48 hadi 72, kwa sababu utando unaofunika uwazi ukipasuka vijidudu vinapanda hadi kwenye ubongo. Mlaze kifudifudi au kwa ubavu. Funika kwa gozi safi iliyoloweshwa maji ya dripu ya chumvi, juu yake weka nailoni safi ili isikauke. Gozi kavu inagandia na kuchuna utando. Usipake majani, unga wala mafuta. Wanaochelewa wengi hukaa nyumbani wakisubiri "kidonda kikauke kwanza". Hakikauki.

REHEMA: Halafu kichwa.

JOAKIM: Watoto wengi wa mgongo wazi hujaa maji kichwani. Chukua futi ya fundi nguo, zungusha juu ya nyusi hadi sehemu ya nyuma iliyochomoza zaidi, andika tarehe, rudia kila wiki. Mtoto mchanga huanza na sentimita kama 35, na miezi mitatu ya kwanza huongeza kama 2 kwa mwezi. Akiongeza zaidi ya 1 kwa wiki, au utosi ukavimba, au macho yakawa yanaelekea chini kama jua linalozama, usisubiri tarehe ya kliniki.

REHEMA: Aliyewekewa shanti, mrija wa kutoa maji kichwani, je?

JOAKIM: Shanti huziba. Akitapika, akasinzia kupita kawaida, akalia kichwa au akapata degedege, hospitali inayofanya upasuaji wa ubongo siku hiyohiyo. Wengi hutibiwa malaria siku tatu huku shanti imeziba. Ndiyo maana kazi ya hospitali ya CURE pale Mbale, Uganda, ni kubwa: Dakta Benjamin Warf aliendeleza pale njia ya kutoboa sakafu ya chemba ya tatu ya ubongo na kuchoma tishu inayotengeneza maji, ili watoto wengi wasitegemee shanti maisha yao yote.

REHEMA: Lakini kinachowamaliza kimyakimya ni figo.

JOAKIM: Hapo nataka tukae. Mama anaona pampasi imelowa muda wote, anaamini kibofu kinafanya kazi. Kumbe kimejaa, kinafurika. Presha inarudisha mkojo juu, figo zinaharibika bila maumivu. Dawa yake ni mpira wa mkojo, mrija mwembamba unaoingizwa kwenye njia ya mkojo ili kumwaga kibofu, kila saa 3 hadi 4 mchana, kuanzia utotoni.

REHEMA: Hatua zake?

JOAKIM: Nawa mikono kwa sabuni. Msafishe, wa kike kutoka mbele kwenda nyuma. Paka jeli ya maji kwenye mpira, siyo mafuta ya mgando. Ingiza taratibu. Mkojo ukianza kutoka, sogeza ndani kidogo, kama sentimita 1 au 2, kisha subiri uishe. Ukikwama usilazimishe, mtulize, mwache apumue, jaribu tena. Na usimkamue tumbo, unaongeza presha ileile tunayoikimbia.

REHEMA: Mpira mmoja hutumika mara ngapi?

JOAKIM: Pale ambapo mipira haitoshi kutupwa kila mara, familia huuosha kwa sabuni na maji yanayotiririka, ndani na nje, wanaukausha na kuuhifadhi kwenye kopo safi lenye mfuniko. Uwe wa plastiki, siyo lateksi, maana watoto hawa hupata mzio wa lateksi kirahisi. Mkojo wenye ukungu pekee si sababu ya antibayotiki; ukiambatana na homa au maumivu, ndiyo.

REHEMA: Watu wananiuliza: mnatetea heshima yao, mbona mnahimiza mama ameze foliki asidi, ile vitamini, ili wasizaliwe hivyo?

JOAKIM: Foliki haimwondoi mtoto, inamsaidia kuumbika. Uti wa mgongo unafunga kufikia siku ya 28 baada ya mimba kutungwa, na mama wengi hufika kliniki mwezi wa tatu au wa nne. Vidonge vinakuta uti umeshafunga au umebaki wazi. Kwa hiyo ni mikrogramu 400 kila siku kabla ya kushika mimba. Aliyewahi kuzaa mtoto wa mgongo wazi anaandikiwa miligramu 5. Anayetumia valproeti, dawa ya kifafa, asiiache mwenyewe, amwone daktari kabla ya mimba.

REHEMA: Na foliki inayowekwa kwenye unga?

JOAKIM: Tanzania iliweka kanuni za urutubishaji, yaani kuongeza virutubisho kwenye chakula, mwaka 2011, lakini mahindi yanayosagwa kwenye mashine za mtaani kwa kawaida hayawekewi kitu.

REHEMA: Basi kwa vikundi vya parokia na misikiti vinavyotusikiliza: mkimsindikiza mama azae, wekeni kwenye bajeti nauli ya hospitali ya upasuaji, mipira ya mkojo na jeli. Akifika darasa la kwanza, nendeni mkaone choo cha shule.

JOAKIM: Pimeni mlango kwa futi. Kiti mwendo kinataka sentimita 80 au zaidi. Ndani kuwe na maji, sabuni na komeo linalofanya kazi, kwa sababu ikifika saa nne asubuhi ataingia mle na mpira wake, peke yake.