Kuthodaw: kitabu cha mawe kule Mandalay

ZAI: Haya wapendwa karibuni tena, leo Beni ndo anaongea mi nauliza tu, maana kaka yenu alifika Myanmar, Bama ile waliyopigana askari wetu wa KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, akaingia pagoda ya Kuthodaw. Beni, hiyo ni hekalu au maktaba?

BENI: Vyote dada. Katikati kuna stupa ya dhahabu, yani mnara mtakatifu wa Wabudha, mita 57 hivi, sasa kuizunguka kuna vibanda vyeupe 729, kila kimoja ndani kina bamba la marumaru limesimama wima, limechongwa maandishi mbele na nyuma. Ukiyasoma yote kwa mpangilio ndo Tipitaka nzima hiyo, maandiko ya Wabudha, lugha ni Kipali ila herufi za Kiburma.

ZAI: Yani bamba moja ni karatasi moja!

BENI: Karatasi ya sentimita 107 kwa 153, unene 13.

ZAI: Mh! Nani huyo aliyejenga?

BENI: Mfalme Mindon, kazi ilianza 1860 ikafunguliwa 1868. Watu wa utalii wanaiita kitabu kikubwa kuliko vyote duniani, mi hiyo naona inapoteza maana. We angalia miaka, Waingereza walishabeba kusini yote kwenye vita ya 1852, Mindon anakalia kiti mwaka unaofuata, nchi nusu, na maandiko ya dini yako kwenye majani makavu ambayo mchwa anakula na moto unakula. Mtu wa hali hiyo anawaza rekodi ya dunia?

ZAI: Anawaza bakapu.

BENI: Bakapu kabisa! Na kweli 1885 Waingereza wakaja, mfalme Thibaw, mtoto wa Mindon, akapelekwa uhamishoni India, jeshi likapiga kambi humo humo kwenye pagoda. Herufi zilikuwa zimejazwa wino wa dhahabu, ikabanduliwa, vito vikaenda, kengele zikaenda. Mpaka 1890 ndo wakatoka, raia wakachanga wakarekebisha, wino safari hii mweusi.

ZAI: Na maneno yenyewe?

BENI: Yapo. Mwizi anataka dhahabu, Kipali cha nini.

ZAI: Sasa mi nisiyejua herufi hata moja nikienda nafanya nini?

BENI: Kwanza viatu unaacha nje, soksi pia, mabega na magoti yafunikwe, na uende asubuhi maana ile sakafu saa saba mchana utacheza ngoma bila kupenda. Halafu wageni wengi wanapiga picha ya dhahabu wanarudi kwenye gari, usiwaige, ingia kwenye mistari ya vibanda huko pembeni ndo utakuta watu wenyewe, familia ziko chini ya miti na chakula chao, akina mama wamejipaka thanaka usoni, ile poda ya magome ya mti, mtoto kalala.

ZAI: Wanayasoma hayo mawe?

BENI: Niliowaona mimi, wachache. Wengi wamekuja kusali na kutafuta thawabu, na hata Mindon alijenga kwa nia hiyo. Halafu jirani tu pale kuna pagoda nyingine, Sandamuni, mawe mengine 1,774 ya ufafanuzi wa Tipitaka.

ZAI: Ngoja, ufafanuzi umezidi kitabu?

BENI: Zaidi ya mara mbili. We hujawahi kusikiliza mahubiri ya Jumapili?

ZAI: Usinichonganishe na mchungaji wangu!