Nafuu ya mwisho: maneno machache kuhusu Valse triste

Ndugu zangu, kabla sijabonyeza kitufe naomba mnivumilie kidogo. Kipande chenyewe ni cha dakika tano, sita hivi, kwa hiyo nami nisijivute.

Mwaka 1903, huko Helsinki, Finland, mwandishi Arvid Järnefelt alikuwa na tamthilia aliyoiita Kuolema, yaani Kifo. Muziki wake akautunga shemeji yake, mtunzi Jean Sibelius, aliyemwoa dada yake, Aino. Katika vipande vyote vya onyesho lile, hiki ndicho kilichozunguka dunia: Valse triste, yaani walzi ya huzuni, walzi ikiwa ni dansi ya kuzunguka wawili wawili.

Picha ni hii. Ni usiku. Mama mgonjwa amelala, na mwanawe anayemuuguza amepitiwa na usingizi. Muziki unasikika kwa mbali. Mama anainuka, vazi lake la kulalia linafanana na gauni la dansi, anaanza kuzunguka chumbani. Wageni wanatokea wawili wawili, wanacheza. Anajichanganya nao, anawatafuta machoni, nao wanamkwepa. Mimi husisimka hapo, kuliko hata pale mwishoni, mlangoni. Anachoka, anaanguka kitandani, muziki unakatika. Anajikaza, anawaita tena, wanarudi kwa kasi zaidi. Mara hodi! Kifo kimesimama kizingitini.

Sasa angalieni ufundi wake. Mwanzoni nyuzi zinadonolewa kwa vidole, taratibu, kama mtu anayenyata asimwamshe mgonjwa. Kisha wimbo unachangamka, unakuwa mtamu kabisa, na asiyejua kisa atadhani mama kapona. Waliowahi kuuguza mtu nyumbani wanaijua nafuu ya namna hiyo: mgonjwa anaomba uji, anataka kukaa, anataja majina ya watu. Majirani wanafurahi. Wazee wanatazamana.

Mwaka 1904 Sibelius aliurekebisha muziki huu, akaongeza filimbi, klarineti, pembe mbili na ngoma juu ya vyombo vya nyuzi. Halafu akauuza kwa mchapishaji, haki zote, kwa fedha kidogo, naye alikuwa mtu wa madeni! Ukapigwa hadi migahawani kote Ulaya, na faida ikaenda kwa wengine.

Haya, tusikilize. Kasi ikipanda msishangilie. Na mwishoni kabisa, okestra nzima ikishanyamaza, tegeni sikio: zitabaki fidla nne tu.