Johan Sundberg: Msweden aliyeipima sauti ya mwimbaji

Ndugu zangu wa nyumbani, habari za huko. Leo kutoka hapa Stockholm tumzungumzie Johan Sundberg. Walimu wa kwaya, na ninyi mnaoimba sauti ya kwanza, kaeni karibu.

Sundberg alizaliwa 1936, akapata udaktari Uppsala mwaka 1966 kwa utafiti wa filimbi za kinanda cha kanisani. Kisha akaingia KTH, chuo cha ufundi cha hapa, kwenye idara ya Gunnar Fant, bingwa wa sayansi ya matamshi. Mwanamuziki akakaa meza moja na watu wa lugha! Mwaka 1976, yeye na Björn Lindblom, mtaalamu wa sauti za lugha, walichapisha kazi iliyochambua nyimbo za watoto kwa kanuni, kama sarufi inavyochambua sentensi. Kuanzia 1979 hadi 2001 alikuwa profesa wa akustika (sayansi ya sauti) ya muziki, na jioni aliimba katika kwaya.

Kazi iliyompa jina ni hii. Okestra ina nguvu nyingi karibu na hezi 500 (mitetemo 500 kwa sekunde), halafu nguvu inashuka kadiri unavyopanda. Mwanamume wa opera hashindani nayo hapo chini. Koo na mdomo vina mivumo, yaani masafa ambayo huyakuza yenyewe; yeye anakusanya mvumo wa tatu, wa nne na wa tano karibu na hezi 3000, mahali ambapo okestra imeshapungua, ndiyo maana anasikika bila maikrofoni. Sundberg alieleza njia yenyewe: zoloto (kisanduku cha sauti shingoni) linashuka, koromeo (uwazi wa koo juu yake) linapanuka, mpaka eneo la mdomo wa zoloto linakuwa dogo kuliko sehemu moja ya sita ya eneo la mkato wa koromeo. Wengi hukosea wanapokaza shingo na kusukuma pumzi: zoloto hupanda na koromeo hubanwa.

Sauti ya kwanza wana njia nyingine kabisa. Mvumo wa kwanza wa irabu i au u kwa mwanamke uko kwenye hezi 300 na kitu. Noti ya hezi 523, do ya juu ya do ya kati, imeshaupita. Ukibakiza mdomo wa kuongea, sauti inafifia. Fungua taya zaidi kila noti inapopanda, mvumo upande nayo. Nguvu inaongezeka bila kupiga kelele. Gharama yake ni kwamba huko juu kabisa i na a huanza kufanana. Kwa hiyo, mtunzi, usiweke neno la maana kwenye noti ya juu kabisa. Kwa Kiswahili naliona hili ni muhimu sana, kwa sababu silabi zetu karibu zote zinaishia na irabu.

Mnaweza kujipima. Pakueni Praat, programu ya bure ya kuchambua sauti. Weka simu sentimita 30 kutoka mdomoni, zima kichuja kelele, rekodi faili la WAV, imba a kwa sekunde 5. Kwenye picha ya sauti ambayo Praat inachora, tafuta mkanda mweusi kati ya hezi 2500 na 3000: ndiyo ile mivumo ya mwanamume wa opera iliyokusanyika. Ukilinganisha rekodi mbili, ziwe za noti ileile kwa ukubwa uleule wa sauti, maana anayepaza sauti huongeza sehemu za juu hata bila ufundi.

Ila msiutafute mkanda huo kwa kila mwanakwaya. Sundberg, Thomas Rossing na Sten Ternström waliwapima wanaume walewale wakiimba peke yao na wakiimba kwenye kwaya: kwenye kwaya waliupunguza. Mwalimu akimtaka kila besi ang'ae kama mwimbaji wa opera, sauti ya nne haitaungana.