Mfuko wa urea ulioko chooni

Assalamu alaykum wazee wangu, ndugu zangu, na nyinyi wanafunzi mliojibana huko nyuma.

Nimeombwa nizungumzie modeli za nitrojeni katika mabonde ya mito. Neno modeli lisikutisheni. Ni daftari la duka: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Ila duka hili paa linavuja, na wateja wengine huchukua mali bila kuandikwa.

Tuanze na kilichoingia. Mfuko wa urea wa kilo 50 una nitrojeni asilimia 46, yaani kilo 23. Hiyo mbolea ya chumvichumvi ndiyo tunayoilaumu kila siku. Haya, mtu mmoja naye kwa mwaka hutoa nitrojeni kama kilo 4, nyingi yake kwenye mkojo. Nyumba ya watu sita ni kilo 24. Kwa hivyo nyumba hiyo, hata kama haina jembe, kila mwaka inafukia mfuko mzima wa urea ndani ya shimo la choo. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,889,773 Zanzibar nzima. Zidisheni kwa nne, gawanyeni kwa 23: mifuko laki tatu na ushei. Mnacheka! Ni hesabu ya juu juu, watoto hutoa kidogo zaidi, lakini hata ukipunguza robo bado ni mzigo.

Kilichotoka ndipo penye kazi. Ya mbolea na ya chooni, zote zikipata hewa hugeuka naitreti, yaani nitrojeni iliyoshikana na oksijeni, na naitreti haigandi kwenye udongo. Maji yakiondoka, nayo imeondoka. Lakini angalieni bonde la mpunga lililojaa maji, kama kule Cheju, Unguja. Ndani ya tope hewa haifiki, basi vijidudu hunyang'anya oksijeni iliyomo kwenye naitreti, na nitrojeni hurudi angani ilikotoka. Bonde linajisafisha lenyewe, si lote, ila kwa kiasi kikubwa. Choo cha maweni hakina bahati hiyo. Udongo ni kiganja kimoja, chini yake jiwe la matumbawe lenye nyufa na mapango, na maji hupita kama kwenye chujio la tui mpaka kisimani.

Zipo modeli za kompyuta zinazofanya hesabu hizi. SWAT, iliyoanzia Idara ya Kilimo ya Marekani miaka ya 1990, hukata bonde vipande vipande kwa udongo, mteremko na mazao, kisha huvinyeshea mvua siku baada ya siku. SPARROW, iliyotangazwa 1997, huanza upande wa pili: huchukua mzigo uliopimwa mtoni na kutafuta kwa takwimu chanzo kipi kimeuleta. Zote mbili zinaamini kwamba maji hufuata mteremko hadi mtoni. Pemba, kwenye vilima na vijito, imani hiyo si mbaya. Mashariki ya Unguja ndipo inapoanguka, kwa sababu kuna mito inayomezwa na mawe kabla haijaiona bahari. Ramani inakwambia maji yanakwenda huku. Chini kwa chini yanakwenda kwao.

Mimi kwa upande wangu, kwa maweni, ningeanza na chupa za sampuli visimani kabla ya masika na baada yake, kompyuta baadaye. Maabara ikipima nitrojeni nzito, ile iitwayo nitrojeni-15, inaweza kutambua: naitreti ya chooni na ya samadi kwa kawaida ni nzito kuliko ya urea. Tahadhari tu, vile vijidudu vya tope hula nyepesi kwanza na kuiacha nzito, kwa hivyo maji ya bonde la mpunga yanaweza kujifanya ya chooni.

Naam, mama hapo mbele anauliza kama kuchemsha kunasaidia. Kwa vijidudu vya maradhi, ndiyo, endelea kuchemsha. Kwa naitreti hapana: mvuke unaondoka, naitreti inabaki sufuriani, na maji yakipungua inazidi kukolea. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 50 kwa lita. Kisima kikipimwa kikazidi hapo, mtoto wa chini ya miezi sita asikorogewe maziwa ya kopo kwa maji yake.