Gumzo la timu likae nyumba ya nani?

Haya, wa nyuma sogeeni, kipaza sauti chenyewe kinakohoa.

Nimeombwa niwaambie mtumie programu gani ya kuchati kwenye mradi wenu. Nitafika huko. Timu yetu ilikuwa ya watu tisa, tunatafsiri programu ya kompyuta kwa Kiswahili. Tukafungua kundi la WhatsApp, maana kila mtu anayo. Tukabishana siku mbili: tuseme folda au kabrasha? Tukaafikiana. Wiki mbili baadaye mwenzetu anauliza, jamani, tuliamua lipi? Napandisha juu kutafuta: heri ya kuzaliwa, poleni na msiba, video ya mbuzi. Uamuzi wenyewe ulikuwa ndani ya ujumbe wa sauti wa dakika nne, umemezwa na honi za bodaboda.

Kisha admini wetu akaibiwa simu kwenye daladala. Na admini alikuwa yeye peke yake. Siku nne tukashindwa kumtoa mtu aliyekuwa akitumwagia matangazo ya mikopo.

Wenzetu wa programu huria, zile ambazo yeyote anaruhusiwa kuzitumia na kuzibadilisha, haya wameyaonja zamani. Walizoea IRC, mfumo wa kuchati kwa maandishi aliouanzisha Jarkko Oikarinen kule Oulu, Ufini, mwaka 1988. Kwa kawaida IRC haikuwekei kitu: ukitoka, yaliyosemwa nyuma yako yamekupita. Halafu Mei 2021 wahudumu wa kujitolea wa Freenode, mtandao mmoja wa IRC, walikosana na aliyekuwa akiumiliki, wakajiuzulu, wakafungua mtandao mwingine, Libera Chat. Miradi mikubwa kama Ubuntu, ule mfumo huria wa kompyuta, ikafunga virago ikawafuata. Miaka yote ile, na nyumba kumbe ina mwenyewe!

Basi ulizeni kwanza: ufunguo anao nani, na maneno yetu yatakaa muda gani? Slack, programu ya gumzo la kazini, ile ya bure tangu 2022 huonyesha ujumbe wa siku 90 tu. Matrix, mfumo huria wa gumzo, inakuruhusu kuweka seva yako, yaani kompyuta yako ya kuhifadhi gumzo, na wa seva nyingine wakaingia chumbani kwako. Naipenda. Ila seva ya mwenyewe ni ng'ombe wa maziwa, lazima awepo wa kuamka alfajiri. Kama hamna mtu huyo, msijidanganye.

Sisi tulibaki WhatsApp, nawaambia kweli. Tukaweka maadmini watatu, salamu zikahamia kundi lake. Na anayefunga ubishi huandika mstari mmoja kwenye jedwali la mradi: tarehe, neno, sababu. Kabrasha lilishindwa, kama mnataka kujua.