Karatasi ya Kinyama Kwanza
(Mhadhara kwa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, Lindi)

Shikamooni wakubwa zangu, na wengine habari za asubuhi. Nimekuja na lile lile nililolisema Nachingwea na Ruangwa: kabla hujamtafutia mgonjwa wa saratani utafiti wa dawa mtandaoni, omba karatasi ya majibu ya kinyama, yaani kile kipande cha uvimbe kilichokatwa kikapimwa maabara.

Kijana mmoja wa Mchinga alinijia na simu. Mama yake ana saratani ya titi. Amekesha siku tatu, bando limemwishia mara mbili, ana picha za tafiti 11 kutoka ClinicalTrials.gov, ile orodha ya tafiti za tiba ya Wamarekani mtandaoni. Nikamuuliza, saratani ya titi ya aina gani? Akanikazia macho kama nimemtukana. "Ya titi, dada. La kushoto." Nikamwambia kalete karatasi. Kesho yake akaja nayo. Ilikuwa kwenye mfuko wa nailoni chini ya kanga za mama, imekunjwa mara nne, wino umeanza kuchuja pembeni. Imelala humo miezi mitano! Tulihitaji mistari mitatu tu inayotaja aina ya saratani: vipokezi vya homoni za estrojeni na projesteroni, na protini iitwayo HER2. HER2 ya mama ni hasi. Tukakaa kwenye benchi, tukapitia picha moja moja. Saba zinataka HER2 chanya. Tatu ziko Marekani, mgonjwa afike kituoni kila wiki tatu. Iliyobaki imeshafunga kuandikisha. Na miezi yote hiyo mama hajaanza hata tiba ya kawaida ambayo angeipata Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, kwa kuwa nyumbani wanasubiri dawa mpya. Hilo ndilo linaloniuma.

Mtaniambia karatasi ni ya Kiingereza na daktari hakueleza. Basi rudini mkamuulize! Kujua aina na hatua ya ugonjwa wake ni haki ya mgonjwa. Utafiti mmoja unamkataa aliyekwishapata kemo, mwingine unamtaka huyo huyo. Mmoja unataka uvimbe ambao haujasambaa, mwingine uliofika kwenye mifupa. Yote yameandikwa kwenye masharti, na watu wanaishia kusoma kichwa cha habari.

Mzee wangu pale nyuma, nimekusikia: watu wanafanywa panya. Hofu yako naielewa. Hapa kwetu utafiti wa dawa hauanzi bila kibali cha maadili cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, nao wauridhie. Mgonjwa anaelezwa, anauliza, anasaini, na akitaka kujitoa katikati anajitoa. Lakini kuwemo kwenye orodha ile ya Wamarekani si uthibitisho kwamba serikali yao imeukagua utafiti. Wenyewe wameandika hivyo. Kwa hiyo ile namba ya utafiti inayoanza na NCT, yenye tarakimu 8, mpelekeeni daktari anayemtibu mgonjwa aisome yeye.

Muda unanibana. Mkitafuta kwenye orodha ile, kwenye nafasi ya nchi andikeni Tanzania. Tazameni na daftari la tafiti za Afrika, PACTR, linalotunzwa Cape Town. Angalieni ukurasa wa utafiti ulisahihishwa lini mara ya mwisho. Anayetaka utume pesa kwa simu ili jina la mgonjwa liingie, huyo ni mwizi, mripotini. Habari ya nauli na malazi tutaizungumza siku nyingine.

Sasa, wale niliowaomba mje na karatasi, zitoeni. Jina la mgonjwa lifunikeni kwa plasta. Tuanze na wewe mama wa kilemba cha kijani: mstari wa HER2 uko wapi?